Siku ya Tatu Mpe Jembe

(Haya ni maneno ya hotuba waliyosomewa wazazi waliokusanyika Mnarani, Kilifi, mvua za mwaka zilipokuwa zikianza. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nataka tufahamiane tangu mwanzo: sikuja kuwafundisha watu wa Mnarani kulima. Wapo hapa waliokuwa wakipanda mahindi na mihogo kabla mimi sijajua kutambaa, na ni utovu wa adabu mtoto kumwonyesha babaye njia ya shambani. Nimekuja kusema habari ya jambo dogo kuliko shamba, nalo ni ule uwanja uliozunguka nyumba. Tena nitasema habari ya furaha isiyouzwa dukani, yaani furaha ya watu wa nyumba moja kushika kazi moja pamoja mvua inapoanza.

Watu wa Ulaya wana majira wayapendayo kuliko yote. Baada ya miezi ya baridi na theluji, miti iliyokuwa mitupu huchipua, maua hufunguka, na watu hutoka nyumbani kutengeneza bustani zao. Watoto wetu husoma habari hizo vitabuni, na pengine hudhani kwamba sisi hatukujaliwa majira kama hayo. Tumejaliwa. Upepo wa kaskazi unapokwisha, joto la mwezi wa Machi halimwachi mtu alale, na majani yote hugeuka rangi ya vumbi. Kisha upepo hubadilika, kusi huanza kuvuma, na mwezi wa Aprili mawingu huja kutoka baharini. Tone la kwanza likigonga makuti, hapana asiyeinua kichwa. Harufu ya udongo ulionyeshewa huingia nyumbani bila kubisha hodi. Usiku vyura huanza ngoma yao. Kumbikumbi huifuata taa, na watoto huwafuata kumbikumbi na bakuli mkononi. Hata mibuyu, iliyosimama mitupu miezi yote ya kiangazi, huvaa majani mapya kama mtu ajitayarishaye kwenda arusini.

Mahali hapa petu pana ushuhuda wa mambo hayo. Juu ya mlango wa bahari yako magofu ya mji wa kale uliotupa sisi jina, pamoja na misikiti yake na kaburi lake la mnara. Bwana James Kirkman aliyachimbua magofu hayo katika miaka ya 1950, na kutokana na kazi yake na ya wenziwe twajua kwamba msikiti mkubwa ulijengwa katika karne ya 15, na kwamba watu wake waliuhama mji mwanzoni mwa karne ya 17. Wageni huenda kutazama nakshi na maandiko ya Kiarabu yaliyochongwa katika mawe. Mimi nikienda pale hutazama kisima. Watu wale walichimba katika mwamba wa matumbawe, kwa mikono yao, mpaka wakayapata maji. Mtu hachimbi kisima cha namna hiyo mahali anapokusudia kulala usiku mmoja tu. Huchimba pale anapotaka wanawe wakue.

Sasa niwaambie sababu iliyonifanya nikubali kusema leo. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 juu ya afya ya jamaa katika Kenya nzima ulionyesha ya kuwa hapa Kilifi, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 37 wamedumaa. Maana yake ni wafupi kupita kiasi kwa umri wao, kwa sababu ya kukosa chakula cha kufaa kwa muda mrefu. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 18 katika 100. Yetu imezidi mara mbili. Mtoto aliyedumaa hafupiki mwili tu: maradhi humshika upesi, na masomo humwia mazito. Wala si kwamba watoto hao wote hulala na njaa. Wengi wao hushiba sima au muhogo kila siku. Tumbo limejaa, lakini mwili ungali ukidai mboga, matunda, maharagwe, mayai na samaki. Na mambo mawili ya kwanza kati ya hayo yaweza kuota hatua kumi kutoka jikoni.

Nilikuwa mtu wa mwisho kulifahamu neno hilo. Miaka mingi nilifanya kazi Mombasa, nikija nyumbani mwisho wa mwezi. Hiyo ni zamani, kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, na magari ya Malindi yalikuwa yakipanga mstari hapa Mnarani yakingoja feri. Nilipofika nilipokewa vizuri. Maji ya kuoga yaliwekwa tayari, mkeka ulitandikwa chini ya mwembe, na redio iliwekwa karibu yangu. Mama watoto na wanangu walikuwa na kazi zao, nami nilikuwa nimelala ubavu mmoja nikisikiliza habari za dunia. Nilijiona baba mwema, kwa kuwa nilileta fedha.

Mwaka mmoja nilipewa livu mwezi wa Aprili, na watoto nao walikuwa katika likizo ya shule. Mvua zilikuwa zimeanza. Siku ya kwanza nilipumzika, na siku ya pili kadhalika. Siku ya tatu asubuhi, binti yangu, ambaye alikuwa na umri wa miaka tisa, alikuja na jembe dogo la mamaye, akaliweka kwa adabu mbele ya mkeka wangu, akasema, "Baba, leo ni siku ya tatu." Nikamwuliza, "Ya tatu ya nini, mwanangu?" Akajibu, "Mwalimu alitufundisha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Mamaye alicheka hata akaketi chini. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko changu hakikwenda mbali. Mtoto hakuwa na ufidhuli hata kidogo. Alikuwa amelitafuta neno linalomfaa mtu ajaye nyumbani akala, akalala, kisha akaondoka, na neno aliloliona ni mgeni. Nililishika jembe lile. Tangu siku hiyo mpaka livu ilipokwisha tulifanya kazi pamoja kila asubuhi na mapema, na jioni jua lilipopungua. Na niseme kweli: kazi yangu ya kwanza iliharibika. Nilisia mchicha pasipo kuzungushia ua, na kuku wetu wenyewe waliufukua wote kabla ya adhuhuri. Watoto waliifanya habari hiyo hadithi, nao huisimulia mpaka leo wakiwa na watoto wao.

Basi, yapasa kupanda nini? Nitasema machache, kwa sababu mengi mnayajua.

Kwanza, mchicha na kunde. Mvua ikishika, majani yake huwa tayari kuchumwa kwa muda wa majuma matatu au manne tu. Hii ndiyo faida yake kubwa, kwa kuwa mahindi yaliyopandwa siku ile ile yangali ya kijani, na ghala nyingi wakati huo huwa tupu. Mchumeni kidogo kidogo, wala msing'oe shina, nalo litaendelea kuchipua. Mchunga, ambao Wagiriama huuita mutsunga, huota wenyewe. Msiudharau kwa uchungu wake. Mboga hizi zikipikwa kwa tui la nazi huwa na ladha, na tena mafuta ya nazi huusaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo katika majani. Bibi zetu walijua upishi huo kabla ya wataalamu kueleza sababu yake.

Pili, mpapai na mzungi. Mpapai uliotunzwa huweza kuzaa kabla ya mwaka kutimia. Mzungi hukatwa tawi, likachomekwa ardhini wakati wa mvua, likashika. Na majani yake huliwa hata wakati wa kiangazi, mboga nyingine zinapokauka.

Tatu, mihogo michache pembeni. Hapa nataka mjue habari ya mbegu. Tangu miaka ya 1930, wataalamu waliokuwa Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika, walifanya kazi ya kuzalisha mihogo ishindanayo na magonjwa. Katika kazi hiyo ilitoka mbegu tuiitayo Kaleso hapa pwani, ambayo huvumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha mizizi. Kibandameno ni mtamu, nami naupenda, ila hushikwa na magonjwa upesi. Basi mtu asikate vipando katika shina lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka, hata kama amepewa bure na jirani mwema. Na mwenye kupika kisamvu akitwange sawasawa na kukichemsha mpaka kiive kabisa, maana kibichi kina sumu.

Udongo wetu una mchanga na mawe ya matumbawe, nao huyaachia maji upesi. Chimbeni mashimo, mtie samadi ya mbuzi, majani makavu na maganda ya jikoni, kisha mpande juu yake. Maji ya kuogea yaelekezwe kwenye shina la mgomba. Asiye na uwanja, aliyepanga chumba tu, na ajaze udongo katika gunia au karai bovu. Mchicha hauulizi hati ya kiwanja. Nasema hivi kwa kuwa najua ya kuwa viwanja vingi vya kando ya mlango wa bahari vimekwisha kuuzwa, na vijana wengi sasa wana mlango mmoja na dirisha moja. Lakini aliye na kiwanja asikitazame kama kitu cha kungoja mnunuzi. Uwanja uliopandwa na kuliwa na watoto hauuzwi kwa haraka.

Wala tusiipande bustani tukapanda na maradhi. Mvua inapoanza, vifuu, makopo na mipira mikuukuu ya magari hujaa maji, na mbu aletaye homa ya dengi hutaga mayai hata katika maji madogo yaliyomo kifuuni. Yai huwa mbu kwa muda wa juma moja au mawili. Basi kila Jumamosi watoto wazunguke nyumba na kumwaga maji yote yaliyotuama. Wapeni mchezo: anayekusanya vifuu vingi ndiye atakayechagua mboga ya jioni. Na usiku kila mtoto alale ndani ya chandarua, kwa sababu mbu wa malaria naye hufurahia masika kama sisi.

Nanyi akina mama, msiniambie kwamba maua ni mambo ya wenye fedha. Shina la asumini karibu na dirisha, na rihani kando ya mlango, havitaki zaidi ya kata ya maji. Asumini hufungua maua yake jioni, wakati jamaa wanapokusanyika. Nyumba ya makuti yenye harufu hiyo humvuta kijana arudi mapema.

Najua mtu atasema, "Mvua zenyewe si za kutegemewa." Ni kweli. Tunakumbuka tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka 2022, msimu baada ya msimu ulipotupita, na ndugu zetu wa Ganze na Magarini walivyopoteza mifugo. Kisha mwisho wa mwaka 2023 mvua zikaja kwa wingi wa kuharibu. Hatuwezi kuiamuru mbingu. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupanda mapema na kupanda vitu mbalimbali. Shamba la ekari tatu likikauka, hapana awezaye kulinywesha kwa ndoo. Bustani ya hatua kumi yaweza kunusurika kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo.

Nimalize kwa kusema na akina baba, hasa wafanyao kazi Mombasa, Malindi na mbali zaidi. Fedha mletazo ni za lazima, wala hapana azidharauye. Lakini mtoto hatakumbuka hesabu ya fedha hizo. Atakumbuka asubuhi moja ya mvua nyepesi, babaye akiwa mbele na jembe, naye nyuma akidondosha mbegu tatu tatu na kuzifukia kwa unyayo. Atakumbuka siku walipokwenda wote kutazama kama zimeota, na ni nani aliyeona jani la kwanza.

Likizo ya Aprili na mvua ya mwaka huja pamoja. Msiache zikapita ninyi mmelala mkekani. Mkifika nyumbani, pumzikeni siku mbili. Ni haki yenu. Siku ya tatu msingoje kuletewa jembe. Liulizeni wenyewe liko wapi.