Barua pepe taka na mafumbo ya "Mimi si roboti"

Haya ndiyo tuliyoyasema kikaoni. Tunayaleta hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wengi mmelalamika kwamba mkitumia Opera Mini, lile fumbo la kuchagua picha za taa za barabarani haliishi, au halifunguki kabisa. Hamjafungiwa na mtu. Opera Mini ikibana data kwa kiwango cha mwisho, kurasa hupitia kwanza kwenye mitambo yake, na sehemu inayoendesha fumbo hukwama hukohuko. Punguzeni ubanaji huo, au fungueni ukurasa kwa Firefox au Chrome. Anayetumia Tor avumilie: anatoka kwa anwani moja na watu wengi, hivyo tovuti humshuku.

Kinachotutia hofu ni kingine. Matapeli wanatuma barua pepe taka zenye kiungo cha fumbo bandia. Ukilifungua kwenye kompyuta, unaambiwa ubonyeze Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hapo umeendesha amri yao kwa mkono wako mwenyewe, na nywila zinaondoka. Fumbo la kweli haliombi hayo kamwe. Kompyuta ya tawi ina namba za simu zenu zote, kwa hiyo aliye zamu akiona maagizo hayo afunge ukurasa na ampigie Katibu, hata usiku.

Barua taka msizijibu, hata kuwaomba wakome. Jibu huwaonyesha kwamba anwani iko hai. Ziwekeni alama ya taka.

Uongozi wa Tawi