Kompyuta Mpya, Leseni ya Zamani: Jua Uliyo Nayo Kabla Mashine Haijaungua

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa habari na mawasiliano kwa wenye saiba, mafundi wa kompyuta na vijana waliokutana mjini Kipkelion. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.

 

Nawashukuru nyote mliofika: wa hapa mjini, walioteremka kutoka Londiani na waliopanda kutoka Fort Ternan. Najua mmefunga biashara ili mje, kwa hivyo sitawapotezea wakati.

Nitaanza na jambo lililompata mama mmoja mwenye saiba katika kaunti hii. Radi ya huku kwetu mnaijua. Jioni moja mvua ilinyesha, radi ikapiga, stima ikapotea. Iliporudi, kompyuta zake mbili hazikuwaka. Fundi alizifungua akakuta ubao mama umeungua katika zote mbili. Ubao mama ni ule ubao mkubwa ambao sehemu nyingine zote huchomekwa. Diski zilikuwa nzima. Basi akanunua ubao mpya na prosesa mpya, akaunda mashine mbili ndani ya maboksi yale ya zamani, akarudisha diski zile zile. Zikawaka, na kazi za wateja zikapatikana. Lakini pembeni mwa kioo, upande wa chini, pakatokea maandishi kwamba Windows haijaamilishwa.

Mama akaniuliza, "Afisa, leseni nililipia. Sasa imekwenda wapi?"

Kompyuta ya kwanza tuliirejesha kwa dakika chache bila kulipa hata senti. Ya pili ilikataa kabisa, ikabidi anunue leseni nyingine. Radi ilikuwa moja, fundi alikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa aina ya leseni, na mwenyewe hakuwahi kuijua hadi siku hiyo. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Leseni haikai kwenye diski

Wengi wetu hudhani kwamba ukihamisha diski umehamisha kila kitu. Mafaili, ndiyo. Leseni, hapana. Windows inapoamilishwa, Microsoft huweka rekodi inayoitambulisha mashine hiyo kwa sehemu zake, hasa ubao mama. Ukibadilisha ubao, kwao hiyo ni kompyuta nyingine, hata kama boksi na kioo ni vile vile.

Sasa fikirieni gari na dereva. Namba za gari hubaki na gari. Gari likifa, huwezi kuzing'oa ukazipachika kwenye lingine. Lakini leseni ya udereva ni yako wewe. Leo utaendesha pikapu, kesho matatu, mradi ni gari moja kwa wakati mmoja.

Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani ni kama namba za gari. Huitwa OEM. Imefungwa kwenye mashine ile ya kwanza na haihamishwi kwenye kompyuta mpya uliyoiunda. Mtengenezaji akikubadilishia ubao ulioharibika kwa ubao wa aina hiyo hiyo, leseni yako huendelea. Ukijiundia mashine nyingine, imekwisha.

Leseni uliyoinunua peke yake, dukani au kwenye mtandao wa Microsoft, ni kama leseni ya udereva. Hiyo ni ya rejareja, na kwenye kioo utaiona ikiitwa Retail. Hiyo unaweza kuihamisha, lakini kwa kompyuta moja tu kwa wakati mmoja.

Ipo aina ya tatu, ile ya jumla, iitwayo Volume. Hununuliwa na shirika, shule au ofisi kwa mashine zake. Si mali ya mfanyakazi wala ya fundi wa ofisi. Ukiuziwa ufunguo wa namna hiyo mtaani, umeuziwa kitu cha mwenyewe.

Utajuaje uliyo nayo?

Fungua sehemu ya kuandikia amri, andika slmgr /dli, kisha bonyeza Enter. Kisanduku kitatokea kikitaja aina: OEM, Retail au Volume. Usiishie hapo, kwa sababu mashine zilizopandishwa kutoka Windows za zamani huweza kuonyesha Retail ilhali leseni yake ilitoka kiwandani. Linganisha na risiti yako. Kama hukumbuki kununua Windows peke yake, basi karibu kwa hakika ilikuja na mashine.

Jinsi ya kuhamisha

Kama leseni yako ni ya rejareja, fanya hivi.

Kwanza, mashine ikiwa bado hai, ingia kwa akaunti ya Microsoft, kisha ufungue "Settings" na "Activation". Ukiona imeandikwa kwamba leseni ya kidijitali imeunganishwa na akaunti yako, uko salama. Ipe kompyuta jina utakalolitambua baadaye, kwa mfano Saiba1.

Pili, kama mashine ya zamani bado inawaka na unataka kuiuza au kumpa mtoto, ondoa ufunguo kwanza kwa amri slmgr /upk. Leseni moja haiwezi kulisha nyumba mbili.

Tatu, kwenye mashine mpya weka Windows ya daraja lile lile. Leseni ya Home haiamilishi Pro. Kama una ufunguo wa herufi na tarakimu 25, uandike. Kama huna, ingia kwa akaunti ile ile, rudi kwenye "Activation", bonyeza "Troubleshoot", kisha uchague mstari unaosema umebadilisha vifaa hivi karibuni. Utaona orodha ya kompyuta zako. Chagua ile ya zamani, uthibitishe kwamba unayotumia sasa ndiyo iliyochukua nafasi yake. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa yule mama, kwa sababu miaka iliyopita binti yake alikuwa ameunganisha akaunti.

Mashine za ex-UK

Wengi hapa mnanunua kompyuta za ex-UK, na si kosa. Nyingi kati ya zile zilizotengenezwa tangu enzi ya Windows 8 zina ufunguo wa kiwandani ndani ya ubao wenyewe. Ukiweka upya Windows ya daraja lile lile kwenye mashine ile ile, hujiamilisha yenyewe ukiwa na intaneti. Kwa hivyo fundi akikutoza pesa za leseni kwa mashine kama hiyo, muulize ni leseni gani hiyo anayokuuzia. Kuuliza si ujinga.

Njia ya mkato

Najua mtaniambia, "Afisa, mbona kuna programu ndogo kwenye flashi inayoamilisha Windows bila malipo?" Ipo. Lakini kabla ya kuitumia hukuambia uzime kinga ya virusi. Jiulizeni ni mgeni gani anayekuomba umfunge mbwa kwanza ndipo aingie.

Wenye saiba, fikirieni kinachopita kwenye mashine zenu. Mwanafunzi anaomba mkopo wa HELB. Mkulima anajaza marejesho ya KRA. Mzazi anatafuta cheti kwenye eCitizen. Nambari za vitambulisho, manenosiri, nambari za simu. Programu ya wizi ikiyanasa, anayeumia ni jirani yako, na jina linaloharibika ni la saiba yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Nayo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu.

Kwa nini sasa

Jambo hili lina haraka. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11, kwa kuwa inataka prosesa za karibuni na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hivyo wengi mtaunda au kununua mashine mpya. Habari njema ni kwamba ufunguo halali wa rejareja wa Windows 10 hukubaliwa pia na Windows 11. Ule wa Windows 7 au 8 haukubaliwi tena tangu 2023. Basi kabla ya kununua vifaa, jua kama una leseni ya kuhamisha, ama utenge pesa za nyingine.

Na kama pesa hazipo, kuna njia halali isiyo na malipo. Ubuntu ni mfumo endeshi ulioanza mwaka 2004, ukaanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ndilo hilo letu la utu. Hauna ufunguo wala leseni ya kununua. Kwa saiba inayotumia kivinjari na kuchapa barua, unatosha. Ujaribuni kwanza kwenye mashine moja, mhakikishe printa na kazi zenu za kila siku zinakubali.

La mwisho

Leo jioni mkirudi, fanyeni mambo matatu. Tazameni aina ya leseni katika kila mashine. Unganisheni leseni na akaunti ambayo nenosiri lake mnalijua ninyi wenyewe, si fundi peke yake. Wekeni risiti na ufunguo katika daftari, mahali pakavu, mbali na kompyuta.

Yule mama sasa ana daftari hilo. Mashine zake nne zimeandikwa humo, kila moja na jina lake. Anasema radi ikija tena itaunguza ubao, lakini haitamwuliza swali asilo na jibu.