Somo la Redio: Mgonjwa Aliyepewa Uloto Mpya

Fungueni madaftari.

Neno la leo ni ULOTO. Umeuona kila uvunjapo mfupa wa mbuzi: ni ule ute laini wa ndani. Humo ndimo damu inamotengenezwa, pamoja na chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapa uloto mpya watoto wenye selimundu. Mara nyingi mtoaji ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Katika ndugu wanne, kwa wastani mmoja tu hulingana na mgonjwa. Kwanza dawa kali huua uloto wa zamani, kisha mpya huingizwa mshipani, kama mtu anavyoongezwa damu.

Sasa sikilizeni vizuri. Askari wa zamani wamekufa, na wapya bado wachanga. Itapita miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, kabla hawajapata nguvu. Hata kinga ya chanjo alizochanjwa zamani hupotea, nazo huanzwa upya. Ile ya surua kwa kawaida hungoja miaka miwili. Na virusi vya surua huweza kubaki katika hewa ya chumba muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kutoka!

Adui mwingine yumo ndani. Mtu akiugua tetekuwanga akapona, virusi vyake hulala katika mishipa ya fahamu. Kinga ikilegea huamka, vikaleta mkanda wa jeshi. Ndiyo sababu madaktari humpa mgonjwa dawa ya kuvizuia mapema.

Desturi yetu mnaijua. Mtoto akirudi kutoka Dodoma, kijiji kizima huja kumpa pole, na mwezi wa Julai, kwa baridi ile ya Usambara, wote hujibana jikoni mlango umefungwa. Hapo ndipo penye hatari. Mwenye mafua, kikohozi au upele asiingie; aache ndizi zake mlangoni na salamu. Bibi akinuna, aelezwe. Wenye afya waingie mmoja mmoja, wamekwisha kunawa kwa sabuni, dirisha liwe wazi.

Akipata homa usiku, msingoje kuche. Chukueni barua aliyopewa na madaktari, mpelekeni hospitali usiku uleule.

Sasa andikeni: uloto, kinga, chanjo, surua.