UKUTA WA MTOTO: TUFANYE NINI NA MICHORO YA WATOTO WETU?

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na vijana wa Maungu baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu mzazi, mada ya leo ukiitazama ni ndogo, lakini imo ndani ya nyumba yako. Ni ile karatasi mwanao aliyorudi nayo kutoka shule. Tangu mtaala wa CBC uanze kwa madarasa ya chini mwaka 2019, watoto wetu wadogo wanachora, wanapaka rangi, wanabandika majani na mbegu. Mtoto anafika mlangoni, "Mama, tazama!" Wewe uko jikoni, futari haijaiva, Magharibi inakaribia. Unamwambia, "Weka hapo." Kesho karatasi imewashia jiko, na mwenyewe anaiona ikiungua.

Usidhani hakuelewa. Ameelewa kwamba kazi ya mkono wake haina thamani kwenu. Na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mtume (S.A.W.) alifanyaje?

Imo katika Sahihi Bukhari habari ya Umm Khalid, binti mdogo aliyekulia Uhabeshi Waislamu walipohamia huko. Mtume aliletewa nguo yenye mapambo, akaagiza aitwe yule mtoto, akamvika kwa mkono wake. Kisha akamwonyesha yale mapambo na kumwambia kuwa ni mazuri, tena kwa neno la Kihabeshi, lugha aliyoizoea mtoto. Hebu fikiri: kiongozi wa umma mzima, shughuli zote zile, na bado ana nafasi ya kutazama urembo wa nguo pamoja na mtoto. Sasa wewe na mimi tuna shughuli gani kubwa kuliko zake?

Na akichora ndovu je?

Hapa ndipo wazazi wengi wanaposita, na wana haki. Zipo hadithi sahihi kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha, na Mtume alichukia pazia la picha lililotundikwa nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.), likakatwa likafanywa mito. Nani anataka kuwakosa malaika wa rehma mwezi huu?

Lakini watoto wetu wanakaa Maungu, kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, Rukinga hii hapa jirani. Mpe mtoto kalamu, atachora ndovu, manake ndiye anayemjua. Usimrarulie. Bibi Aisha mwenyewe alikuwa na wanasesere. Katika Sunan Abi Dawud, Mtume aliona kati yao farasi wa mbawa mbili, akamuuliza. Akajibu kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, na Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Hakumkaripia.

Maulamaa wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto kwa dalili hii. Ama kutundika ukutani picha kamili ya kiumbe chenye roho, wanazuoni wetu wa Kishafii wanakataza. Basi njia ipo. Ndovu mwekee kwenye faili lake, mfungue mtazame pamoja. Ukutani tundika mlima, mbuyu, lori la barabara kuu ya Mombasa, treni ya SGR. Ibn Abbas (R.A.) alimnasihi mchoraji vivyo hivyo: achore miti na visivyo na roho. Mwenye swali zaidi amuulize imamu wake.

Wala kupamba ukuta si jambo geni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina zidaka zilizonakshiwa maua kwenye lipu, bila sura ya kiumbe.

Fanya hivi, haigharimu kitu:

1. Funga kamba ya katani, ile wanayosukia vikapu kina mama wa Kasigau, ubane karatasi kwa vibanio vya nguo. Iwe kimo cha macho ya mtoto, si chako.
2. Iwe mbali na jiko, na jua la dirishani lisiifikie, litakula rangi. Vumbi letu jekundu unalijua.
3. Tundika tatu nne tu, ubadilishe kila Ijumaa. Achague yeye.
4. Andika nyuma tarehe na umri wake. Baada ya miaka kumi utanishukuru.
5. Usiulize "hii ni nini?" Sema, "Nieleze hii." Wala usimlinganishe na ndugu yake.

Na baba, usimwachie mama peke yake. Ukirudi kazini, simama pale kwenye kamba dakika mbili kabla ya kushika simu.

Siku ya Idi wageni watakapokuja, mwache mtoto awaonyeshe kazi yake mwenyewe. Hiyo nayo ni zawadi ya Idi.

Allah atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.