Shofere aliyetoka gerezani anaajiriwa namna gani

(Haya ni maneno aliyosema mwanachama mmoja, shofere wa kamio, kwenye mkutano wa chama hapa Lubondja. Tumeyaandika kama alivyosema, tumepunguza kidogo tu.)



Kamati iliniomba niongee juu ya kazi. Nikawaambia mimi sina masomo, niko shofere tu. Wakasema, ndiyo hiyo tunataka, juu vijana wengi wanauliza: mtu aliyefungwa anaweza kupewa kamio tena? Mimi nilifungwa. Wengi humu mnajua, na yule asiyejua leo anasikia kwa kinywa changu mwenyewe.

Udereva nilijifunzia Nyarugusu. Tulivuka ziwa mwaka 1996, nilikuwa mtoto. Kule kambini nilikuwa naosha makamio yaliyoleta chakula, utingo mmoja Mtanzania akanipenda, akanifundisha gia. Karatasi sikuwa nayo. Nilipanda meli Kigoma mwaka 2006, nikashukia Baraka na usukani mikononi lakini bila permi mfukoni. Wengi wetu tulirudi hivyo. Nikaanza kama konvwayere, kisha nikapata permi, kisha nikapewa kamio.

Mwaka 2013, mvua zikiwa kali, nilitoka Misisi na magunia ya mahindi, na juu ya magunia watu. Kila mtu hapa amekwisha kupanda hivyo, hakuna atakayenidanganya. Freni zilikuwa zimeanza kulia tangu Lulimba. Nilizisikia. Nikajiambia, tufike kwanza. Tukishuka kutoka Fizi kuelekea Baraka, kamio likanishinda, likalala ubavu. Watu 4 waliumia. Mmoja alikufa, na alikuwa mtu wa hapa hapa Lubondja. Ndugu zake wamekaa kati yenu, na niliwaomba ruhusa kabla ya kusimama hapa.

Sikukimbia. Siyo kwa ushujaa, jamani, miguu ilikuwa inatetemeka. Lakini mashofere wengi huingia msituni, na tunajua kwa nini: watu wenye hasira wanaweza kukuua pale pale. Mimi nilienda polisi na nguo zenye damu. Sheria yetu ya makosa, kitabu cha pili, kifungu cha 53, inasema mtu aliyeua bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, afungwe miezi 3 mpaka miaka 2. Mimi nilipewa 10.

Nilipotoka, nilifanya kosa la pili. Nilienda Uvira kuomba kazi mahali ambapo hawanijui, nikanyamaza. Wiki mbili nikawa kazini. Wiki ya tatu muuza mafuta mmoja wa kwetu akapita pale, akanisalimia kwa sauti: «Eh, umetoka lini buloko?» Patroni hakugomba. Aliniomba tu ufunguo. Akaniambia, «Ungeniambia, labda ningekuacha. Sasa sijui ni kitu gani kingine unanificha.»

Maneno hayo yalinifundisha kuliko gereza.

Mnajua, wale waliokwenda kutafuta kazi Dar wanatuambia kule tajiri anaweza kuomba cheti cha polisi chenye alama za vidole. Hata kwetu, mashirika na kampuni kubwa wanaomba ile karatasi ya mahakama, kazie judisieri. Lakini mfanyabiashara wa Baraka mwenye makamio mawili, anayebeba bidhaa kutoka bandarini kwenda Misisi, yeye hasomi karatasi kwanza. Anauliza. Anauliza sokoni, anauliza kanisani, anauliza fundi wa mipira. Dosie yako iko vinywani mwa watu, na huwezi kwenda kuichana. Unaweza tu kufika mbele yake.

Na msiwalaumu matajiri sana. Tarehe 2 Julai 2010 kamio la mafuta lililotoka Tanzania lilianguka Sange, kule bonde la Ruzizi. Watu wakakuja kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 230. Mwenye kamio yeyote kwenye barabara hii, akisikia «shofere huyu aliangusha», anaona Sange.

Basi nikarudi Baraka. Nikatafuta nakala ya hukumu, karatasi ya kutoka gerezani, na permi yangu. Nikavitia kwenye plastiki. Kwa kila patroni nilianza na habari mbaya kabla ya kuomba: «Papa, mimi niliangusha kamio mwaka 2013, mtu akafa, nikafungwa, karatasi ni hizi.» Watano walinifukuza. Wa tano alinifukuza hata kabla sijamaliza sentensi. Wa sita alisoma yote, polepole, akauliza kitu kimoja tu: «Freni ulizisikia?» Nikamjibu, nilizisikia. Kidogo niseme hapana. Ulimi ulikuwa umekwisha kwenda huko.

Hakunipa kazi siku ile. Alituma mtu hapa Lubondja, kwa familia ya marehemu, bila mimi kujua. Kaka wa marehemu akamjibu: «Huyo alikuja kwenye kilio chetu na polisi pembeni yake. Alipotoka gerezani alikuja tena, na mbuzi. Sisi hatumpendi, lakini hakutudanganya.» Hayo ndiyo maneno yaliyoniajiri. Siyo barua ya mchungaji, ingawa nilikuwa nayo.

Akanianzisha chini, kama konvwayere, miezi 6. Niko na mke na watoto watatu, na kijana niliyemzidi miaka kumi ananiagiza nikaweke mawe nyuma ya mipira! Nilimeza. Mshahara haukutosha, chama hiki kikanikopesha dola 60, nikazirudisha. Wafadhili wetu wasikie hapo: ule mkopo haukuninunulia kazi, ulininunulia miezi ya kungoja.

Kuna wengine humu wana alama ya namna nyingine. Mlikamatwa nje ya kambi bila kibali, mkafungwa Tanzania, na sasa mnaona haya kusema neno gereza. Semeni yote. «Nilifungwa juu nilitoka kambini kutafuta kibarua.» Patroni wa Baraka anajua kambi, yeye mwenyewe labda aliishi Lugufu. Ukinyamaza, yeye atadhani ni wizi. Lakini kama ni wizi kweli, usiuite kibali. Watauliza.

Na yule aliyekunywa akaendesha? Hapo mimi sina dawa. Nilimpeleka kijana mmoja kwa patroni wangu, nikamsimamia, akarudi kwenye pombe ndani ya mwezi. Tangu siku hiyo neno langu pale limepungua bei. Ndiyo maana kamati ikiniomba nimsimamie mtu, kwanza nasafiri naye mara mbili, nione anafanya nini freni zikilia.

Mimi sasa zikilia nasimama. Mwezi uliopita nililala barabarani siku mbili, patroni akanipigia simu kwa hasira, magunia ya watu yakalowa kidogo. Aligomba. Kisha akatuma fundi na vipuri.

Kamati imesema vijana wawili wanataka barua ya chama. Mnione hapa nje tukimaliza, mje na karatasi zenu zote, hata zile mbaya. Kesho saa kumi na mbili asubuhi narudi Baraka. Mama zangu wenye mihogo, leteni magunia usiku huu tupange vizuri. Watu juu ya magunia, hapana. Niko na nafasi mbili tu kabini.