Mti Si Adui

Katika Kumbukumbu la Torati 20:19 Mungu anawakataza askari wanaouzingira mji wasiikate miti yake ya matunda. Vita aliviruhusu, lakini mti aliukinga na shoka.

Huko Marekani, watetezi wa misitu ya kale hawakuwaendea wakata miti peke yao. Walisimama mbele ya maduka ya Home Depot wakauliza: mbao hizi zimetoka wapi? Mwaka 1999 kampuni hiyo iliahidi kuacha kuuza mbao za misitu iliyo hatarini ifikapo mwisho wa 2002. Kanada nako, wanunuzi walipoanza kukataa mbao, makampuni yaliketi na watetezi na wenyeji wa asili. Mwaka 2016 asilimia 85 ya msitu wa Great Bear ilikingwa isikatwe. Mfanyabiashara asiyesikia kwa masikio husikia upesi kwa mfuko!

Basi, wazee wa kanisa, mnaponunua mbao za paa au za mabenchi, mnauliza bei tu? Ulizeni na kibali. Mwenye mbao asipokuwa nacho, mwacheni, hata kama bei yake ni nafuu. Fedha hizo ni sadaka, na nyingine zilitolewa na mama ambaye mto wake umekauka.