Watoto Wetu na Mpaka wa Shule Mpya



Nimepewa nafasi niseme juu ya shule. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu hapa Tunduma watu wasiofika laki moja. Ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya laki mbili. Kipimo cha darasa la msingi ni watoto 45, na wetu wanavyobanana mnajua wenyewe. Ndiyo maana shule mpya zinajengwa, na shule mama inagawa watoto wake. Hilo ni jema.

Ila tuulize: mpaka wa kuwagawa unapita wapi? Barabara kuu ya kwenda Zambia ina malori usiku na mchana. Mtoto wa darasa la kwanza kuivuka kila asubuhi, jamani, hapana! Afadhali atembee mbali kidogo upande wake. Na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, maana mkubwa ndiye humshika mdogo mkono.

Haya tuyaseme kwenye mkutano wa mtaa, kabla majina hayajabandikwa ukutani. Siku ya hisa hatukosi. Na siku hiyo tusikose.